Kinini cha Kijiko Kimoja

Wapwa wangu wanapenda filamu za wanasayansi vichaa. Hapa Butembo kuna vibanda vya video ambako mtu anakaa kwenye benchi saa mbili nzima akimtazama mzee mwenye nywele zilizosimama, anamimina maji ya kijani ndani ya chupa, na mji wote unageuka mazimwi. Wakirudi nyumbani wananisimulia mimi, kwa kuwa nilifundisha kemia, kisha wananiuliza kama jambo hilo linawezekana. Huwa nawajibu kwamba linawezekana sana, ila zile nywele ni uongo. Mwanasayansi aliyeharibu mambo hapa kwetu alifunga kitambaa kichwani, alinuka mafuta ya taa, na alikuwa mimi.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo. Waasi walikuwa wameshika Beni na Butembo, na walikuwa wamegawanyika mara nyingi hata raia hawakujua tena waogope kundi gani kwanza. Nilifundisha shule ya wasichana iliyo juu ya kilima, nikakaa katika nyumba ya walimu palepale uani. Nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, msichana wa miaka sita mwenye mdomo usiochoka. Aliimba akila, aliimba akioga, na padri alinionya mara mbili kwamba anaimba hata wakati wa mahubiri. Askari walipopiga kambi katika madarasa ya chini, nikaona hapo si mahali pa mtoto wa kike. Nikampeleka kwa mama yangu Kalunguta, kwenye barabara ya kwenda Beni, akae kule hadi mambo yatulie. Mambo hayakutulia, lakini hilo ni la baadaye.

Malaria haikujali nani anatawala. Vidonge vilivyouzwa katika maduka ya dawa mwaka ule vilikuwa chaki. Nasema chaki na simaanishi mfano. Nilikisaga kimoja maabara, nikakidondoshea asidi, kikatoa povu kama chaki ya ubaoni. Na kilichonikera zaidi ni kwamba maghala ya mjini yalijaa magunia ya maganda ya kenkina. Huo ni mti ambao kinini, dawa ya malaria, hutoka katika ganda lake, na kwetu unapandwa tangu enzi za Wabelgiji, huko juu kwenye baridi ya Lubero. Kabla ya vita malori yaliyapeleka maganda hayo nje ya nchi, yakarudi kwetu yakiwa vidonge. Sasa malori hayakwenda popote. Magunia yakaoza mjini, na watu wakafa kwa homa hatua chache kutoka kwenye magunia hayo.

Mimi nina hasira za haraka, na hasira ndiyo iliyonifanya niingie maabara. Niliomba gunia moja kwa mfanyabiashara wa parokia yetu, akanipa bila kuuliza. Nilitwanga maganda kwenye kinu, nikayachanganya na chokaa, nikayaloweka katika mafuta ya taa, kisha nikaivuta dawa kwa asidi ya betri iliyopunguzwa maji. Mara tatu nilipata tope. Mara ya nne, chini ya bakuli kulikuwa na chembechembe nyeupe. Nililamba ncha ya kidole, na uchungu wake ukaniliza machozi ya furaha peke yangu katika chumba kile.

Tatizo likawa kupima. Shule ilikuwa na mizani moja nzuri ya maabara, yenye kioo na mawe madogo ya shaba. Wiki chache kabla, watu wawili wenye karatasi yenye muhuri walikuwa wameichukua kwa niaba ya ofisi mpya ya waasi iliyoitwa Idara ya Utafiti wa Kisayansi, yenye makao Beni. Nikafikiri, vema, kama ni ofisi ya sayansi watanielewa. Nikapanda nyuma ya pikipiki, nikaenda kudai mizani yangu.

Idara hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kalenda na bendera. Mizani yetu ilikuwa juu ya meza, bado ina namba ya shule iliyoandikwa kwa rangi. Mbele yake alikaa mkurugenzi, kijana aliyevaa koti la suti juu ya suruali ya kijeshi, na mwanamume mmoja alikuwa akimimina vumbi la dhahabu kwenye kisahani chake.

“Madame, mizani hii iko mu recherche,” mkurugenzi aliniambia, akimaanisha iko katika utafiti.

“Recherche ya nini, chef?”

“Ya dhahabu.”

Nilimweleza habari za kinini. Alisikiliza kwa makini, lazima niseme hivyo, hata akasimamisha kupima. Nilipomaliza alifungua droo, akatoa karatasi nzuri, akaniandika Mtafiti Mkuu wa Madawa, akagonga muhuri wa zambarau mara mbili ili isiwe na shaka. Mizani hakunipa. Akanitaka nimpelekee ripoti kila mwezi. Halafu akashusha sauti, akaanza habari za wapiganaji wa msituni na maji yao ya dawa.

“Madame, bale ba kule mu pori beko na mayi. Wanajimwangia, eti risasi inageuka mayi pia. Sisi tuko serikali, hatuwezi tumia bintu ya bushenzi. Unaweza tufanyia yetu ya scientifique?”

“Mayi ninaweza kufanya, chef,” nikamwambia. “Ya moto. Ya chai.”

Hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari, na hadi leo najiuliza aliandika nini.

Basi nikarudi bila mizani, na nikaamua kutumia kijiko. Nilichanganya kinini na unga wa muhogo kwa kipimo nilichokisia kwa ratili ya jikoni na majaribio mengi, ili kijiko kimoja kidogo kiwe dozi moja. Mtu wa kwanza kuinywa nilikuwa mimi mwenyewe, nilipopata homa, na ilinitoa kitandani siku ya tatu. Nikawapa wasichana wa bweni, nikiwapimia mwenyewe maabara. Nilijaza kijiko, nikapitisha mgongo wa kisu juu yake hadi unga ukawa sawa na ukingo, nikammiminia mgonjwa kwenye uji. Hakuna aliyekufa. Masikio yalivuma kidogo, kama kinini kinavyofanya kwa kila mtu, kisha yakatulia. Sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna miezi ile.

Watu walianza kuja kutoka mbali, wengine Oicha, wengine Kipese, na mimi nina mikono miwili tu. Nikafunga dawa katika pakiti kubwa za karatasi za daftari, kila moja ya kutosha wagonjwa kadhaa, na kuwapa akina mama wa parokia wazigawe vijijini. Za watoto niliziongezea unga wa muhogo na kuzifunga kwa uzi mwekundu. Maelezo niliyaandika kwa mkono, pakiti kwa pakiti: kijiko kimoja kidogo, asubuhi, mchana na jioni, siku saba. Nilidhani nimeandika kila kitu.

Nilipopita Kalunguta kumwona mtoto, nilimwachia mama yangu pakiti nne, moja ikiwa na uzi mwekundu. Nilimsomea maelezo, kwa kuwa hakujua kusoma, naye akayarudia yote bila kosa. Alizifunga katika kipande cha kitenge, akazitia juu ya dari ya jikoni ambapo moshi huzuia unyevu. Mama alikuwa mtu mkali na mwepesi wa akili, mkulima wa maharage na viazi, mwenye kukumbuka mazungumzo ya miaka ishirini nyuma na kumtajia mtu aliyeyasema. Nilimwamini kuliko nilivyowaamini walimu wenzangu.

Wiki kadhaa zikapita. Mwanamke aliyekuja sokoni na mzigo wa maharage akaniletea habari mbili kwa pamoja: mtoto wako alishikwa na malaria kali, na mtoto wako amepona. Nilicheka kwa sauti katikati ya soko. Siku iliyofuata, barabara ilipokuwa shwari kidogo, nikaenda.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, amenipa mgongo, anapanga mawe madogo. Nilimwita. Nikamwita tena nikiwa karibu zaidi. Kuku waligeuka, yeye hakugeuka. Nilipomgusa bega alishtuka, akanirukia shingoni, akaanza kunisimulia mambo kwa sauti kubwa isiyo na mpangilio, na nilipomjibu alitazama mdomo wangu kana kwamba nina kitu kilichobandikwa pale.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono.

“Wasingya, mwanangu,” alinishukuru kwa Kinande, akiwa na uso wa furaha. “Kinini yako iko na nguvu. Homa ilikimbia kabisa. Lakini masikio yake njo ilifunga. Bomu ilianguka kule chini ku barabara, tangu ile siku hasikie. Itafunguka, usiogope.”

Kweli bomu lilikuwa limeanguka. Nilikuwa nimepita kwenye shimo lake.

“Mama, dawa ulimupatia ginsi gani?”

“Vile ulisema. Kijiko moja, asubuhi, saa sita na mangaribi. Siku saba. Siku ya ine akasema iko nyuki mu masikio yake. Nikajua ni homa njo inatoka.”

Nilimwomba anionyeshe. Alileta ile pakiti ya uzi mwekundu na kijiko kilekile. Akakizamisha, akakiinua, na unga ulisimama juu yake umechongoka. Hakutikisa mkono hata kidogo.

“Mutoto yako mwenyewe,” akasema, “mi ninaweza kumunyima?”

Inabidi nieleze jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua. Kwetu kipimo kisicho na kilima si kipimo. Nenda soko lolote, utamwona muuza maharage anajaza kopo, anaongeza kwa kiganja, anaongeza tena, mpaka punje zinaporomoka pembeni. Akiacha kopo likiwa bapa, mnunuzi anaona ametukanwa na anahama meza. Mgeni akipewa unga uliosawazishwa anafahamu kwamba hatakiwi. Mimi nimezaliwa katika nyumba ile, nimepimiwa chakula na mkono ule miaka yote ya utoto wangu, na hakuna siku mama alinipa kitu kilichosawazishwa. Nikaenda kusoma, nikajifunza mgongo wa kisu, nikasahau kwamba ni mimi niliyejifunza. Kijiko kile kilikuwa na dozi tatu, na kinini kikizidi huua masikio. Hesabu niliimaliza kabla hajakirudisha kwenye karatasi.

Muuguzi niliyemwona baadaye mjini aliniambia malaria kali nayo huziba masikio, na kwamba hakuna anayeweza kujua kwa hakika. Nilimshukuru. Sikumwamini, na simwamini hadi leo.

Siku ile Kalunguta nilipaswa kumwambia mama. Nilimtazama akimlisha mtoto viazi kwa mkono, akimbusu vidole, akimwita kwa majina ya kumdekeza ambayo hayakufika popote. Nikaona kwamba nikisema, nitamvunja. Angejiona ameua masikio ya mjukuu wake kwa mapenzi, na asingepata raha tena. Ndivyo nilivyojieleza. Sasa hivi ninapoandika, ninaona pia kwamba niliona haya. Mtafiti Mkuu wa Madawa, mwenye muhuri wa zambarau, alikuwa ameandika maelezo mabovu.

“Ni bomu, mama,” nikamwambia. “Itafunguka.”

Lakini pakiti zilikuwa katika nyumba za watu, na katika kila nyumba kulikuwa na mkono kama wa mama. Ilikuwa lazima niwaonye haraka. Maneno ya kweli yalikuwa mafupi: sawazisheni kijiko, mkijaza kilima mtakuwa viziwi. Tangazo hilo lingesomwa Jumapili katika makanisa yote, na mama yangu hukaa benchi la pili. Angesikia neno viziwi, angemtazama mtoto aliye pembeni yake, na asingehitaji mtu wa kumfafanulia. Nilikaa na karatasi mbele yangu nusu siku. Mwishoni nikaandika kwamba kinini cha shule kimeharibika kwa unyevu, kila aliye nacho akirudishe.

Huo ndio uongo wangu. Nilikuwa nimeupima vizuri, niliona hauna madhara: dawa ingerudi, hakuna atakayeumia zaidi, na mama angebaki na amani yake.

Wapo waliorudisha. Wengine hawakurudisha, na mama mmoja wa pale mjini aliniambia hivyo usoni.

“Madame, ile yako hata ikioza nitaikunywa. Ya pharmacie njo chaki.”

Alikuwa na haki. Ningemwambia tu apitishe kisu juu ya kijiko, dawa ile ingemponya yeye na nyumba yake yote. Badala yake nilimsihi airudishe, akanikatalia. Mumewe, seremala, alipata homa miezi miwili baadaye, akapewa kijiko chenye kilima, na tangu siku hiyo aliongea akipiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilimwona akipita na mbao zake, nikahama njia.

Ile Idara ya Beni nayo ilinidai ripoti. Niliandika mstari mmoja kwamba dawa imeharibika kwa unyevu. Nikajibiwa kwa barua yenye mihuri mitatu ikinipongeza kwa hatua kubwa niliyopiga na kunihimiza niendelee katika njia hiyohiyo.

Mama alirudisha zake. Alikuja mwenyewe kwa miguu kutoka Kalunguta, mtoto mgongoni sehemu ya njia na kwa mkono sehemu nyingine, kwa sababu baiskeli na pikipiki ziliogopa barabara wiki ile. Alifungua kitenge, akaniwekea mezani pakiti tatu ambazo hakuzigusa, na ile ya uzi mwekundu iliyobaki nusu.

“Zitupe weye mwenyewe,” alisema. “Mi ninaogopa batoto ba jirani wataziokota.”

Aliona aibu kwa ajili yangu, ndivyo nilivyomsoma. Alidhani kazi yangu imeharibika na alitaka kunifariji. Alinishika mkono, akasema unyevu ni wa Mungu, mwaka ujao nitafanya nyingine. Zile pakiti tatu zilikuwa kavu kabisa. Nilizipeleka chooni pamoja na zote zilizorudi, nikazimwaga mbele ya walimu wenzangu wawili, ili uongo wangu uwe na mashahidi. Mtoto alibaki nami kuanzia siku hiyo, na mama akarudi shambani peke yake.

Mwaka uliofuata sikufanya nyingine. Askari walipanda kutoka madarasa ya chini hadi maabara, wakapikia mbao za makabati, wakanywea pombe ya ndizi katika chupa zangu zenye mistari ya vipimo. Magunia ya kenkina yaliuzwa kwa mtu aliyepata njia ya kuyavusha. Pakiti moja ya akiba sikuwa nayo. Nilikuwa nimemwaga zote, kwa kuwa mtu anayesema dawa imeoza hawezi kuiweka kabatini.

Msimu wa mvua mama alishikwa na homa. Kulikuwa na mapigano barabarani, na ujumbe ulinifikia ukiwa na siku tano. Nilitembea na kikundi cha wauza mboga kwa njia za mashambani. Nilifika mchana, nikakuta wanawake wa kanisa wamekaa chini jikoni, na nikaelewa kabla hawajanyanyuka.

Jirani aliyemuuguza aliniambia walimpa vidonge vya duka, pakiti nzima, na homa haikushuka hata saa moja. Aliniambia mama alikuwa na akili zake hadi karibu na mwisho.

“Alikuwa anasema tu: afazali ile ya mutoto yangu isingeharibika. Ile njo ilikuwa dawa.”

Nililia mbele yao wote, na walidhani nalia kama anavyolia kila mtoto aliyefiwa na mama. Sikuwaambia. Nilikuwa na nafasi tena, nikiwa nimeketi kati ya watu walionipenda, wengine wakiwa bado wameficha pakiti zangu juu ya dari zao, na sikusema neno. Nilisema baadaye, nyumba kwa nyumba, vita ilipopoa. Karibu wote walinisamehe haraka mno, na hilo liliniudhi kuliko kama wangenitukana.

Binti yangu nilimwambia wa mwisho. Alikuwa na miaka kumi na tano, amejifunza ushonaji na anaandika vizuri kuliko mimi. Sisi huzungumza kwa ishara kwa mambo ya nyumbani na kwa daftari kwa mambo mazito. Niliandika kurasa mbili bila kufuta: kijiko, bomu, tangazo la kanisani, pakiti za bibi yake, choo. Niliweka daftari mbele yake kwenye mashine ya kushonea, nikakaa kwenye kiti cha wateja.

Alisoma polepole. Aliporudi kwenye ukurasa wa kwanza nilidhani ataniuliza juu ya masikio yake, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Akachukua kalamu, akaandika: “Bibi alijua?”

Nikaandika: “Hapana. Sikutaka aumie.”

 Chini ya mstari huo akaandika: “Angeumia, lakini angekuwa hai.” Akanirudishia kalamu, akasubiri nijibu.